Hospitali ya kufundishia au hospitali ya kawaida: tatizo gani lipelekwe wapi

Mwenye uvimbe shingoni unaokua na mwenye ngiri ya kawaida hupewa ushauri mmoja na ndugu zao: nenda hospitali ya chuo kikuu, mabingwa wote wako kule. Kwa wa kwanza ushauri huo unaweza kumwokoa. Wa pili atapanga foleni miezi kadhaa kwa kazi ambayo hospitali ya karibu ingeifanya wiki ijayo, kwa usalama uleule. Hospitali hizi zinatofautiana kweli, lakini tofauti hiyo ni kubwa kwa magonjwa fulani na karibu haionekani kwa mengine.

Hospitali ya kufundishia, kwa maana ya makala haya, ni ile iliyofungamana na chuo kikuu cha tiba: mabingwa wake wanatibu na kufundisha, na wodini mna wanafunzi na madaktari wanaosomea ubingwa. Hospitali ya kawaida ni yoyote nyingine yenye wodi, maabara na chumba cha upasuaji, iwe ya umma, ya dini au ya binafsi.

Nani hasa anakuhudumia

Kwenye hospitali ya kufundishia utakutana na watu wa ngazi nne au tano kwa siku moja. Mwanafunzi wa udaktari anakuhoji na kukupima ili ajifunze. Hana mamlaka ya kukuandikia dawa. Daktari tarajali amemaliza shahada na yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo ya vitendo. Rezidenti, yaani daktari kamili anayesomea ubingwa, ndiye anayeibeba wodi mchana na usiku. Juu yake yuko bingwa, na kwa fani kama moyo, figo au saratani za watoto, bingwa bobezi. Kwenye hospitali ya kawaida ngazi ni fupi: daktari wa zamu, na bingwa mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye atakayekuona kliniki, kukupasua na kukuruhusu.

Wengi huipenda ngazi fupi kwa sababu wanamjua daktari wao. Ni faida ya kweli, ila iangalie saa nane usiku. Katika hospitali kubwa ya kufundishia, saa hiyo kwa kawaida kuna daktari wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi ndani ya jengo, na bingwa anapigiwa simu wakati kazi imeshaanza. Katika hospitali ndogo daktari mmoja anaweza kuwa anazunguka wodi zote, na bingwa anaitwa kutoka nyumbani. Kwa mtu aliyelazwa kwa vipimo hilo si tatizo. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mchana huohuo, anayeanza kuvuja damu ndani usiku, dakika 40 za kumsubiri bingwa zinaweza kuamua mengi.

Kueleza historia yako mara nne kwa watu wanne kunachosha, lakini kuna kazi yake. Mara ya tatu ndipo mgonjwa anapokumbuka kuwa aliwahi kuvimba uso baada ya sindano fulani. Rahisisha kwa kuandika karatasi moja: dawa zote na dozi zake, mzio, upasuaji uliopita na mwaka wake, magonjwa ya ukoo. Mpe kila anayekuja.

Watu huogopa mikono ya wanafunzi. Hatari kubwa zaidi ya wodi ya kufundishia iko kwenye kukabidhiana zamu. Mgonjwa mmoja anaweza kupitia mikono ya madaktari watatu ndani ya saa 24, na kila makabidhiano ni nafasi ya jambo kudondoka. Mfano wa kawaida: damu imechukuliwa saa tisa alasiri kupima potasiamu, zamu inabadilika saa kumi na moja, majibu yanatoka saa moja usiku, na daktari mpya hajui kama kuna majibu ya kutafuta. Hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika kwenye hospitali 9 za mafunzo ya madaktari wa watoto, ulionyesha kuwa makabidhiano yanayofuata mpangilio maalumu uitwao I-PASS yalipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Kwa hiyo ndugu anayemuuguza mgonjwa awe na swali moja la kila zamu: "Leo kuna jibu gani tunalisubiri, na nani atalifuatilia?" Liulizwe kwa adabu, liulizwe kila siku.

Hatari ya hospitali ya kawaida ni kinyume cha hiyo. Daktari ni mmoja, na akikosea mwanzoni hakuna wa kumwuliza "kwa nini hukufikiria kifua kikuu?" Kwenye raundi ya kufundishia, yaani mzunguko wa madaktari kitanda hadi kitanda, swali hilo linaulizwa kila asubuhi mbele ya watu kumi, na rezidenti asiye na jibu hulitafuta kabla ya kesho. Kwa ugonjwa ambao haujapata jina, kama homa ya wiki tatu, kukonda bila sababu au uvimbe wa viungo unaohamahama, raundi hiyo ina thamani kuliko mashine yoyote ya hospitali.

Takwimu zinasemaje

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia zaidi ya vipindi milioni 21 vya kulazwa vya watu wa miaka 65 na kuendelea. Baada ya kuzingatia hali za wagonjwa, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3 kwenye hospitali kubwa za kufundishia na asilimia 9.5 kwenye zisizofundisha. Tofauti hiyo si ndogo, ila ni wastani, na wastani hauwezi kukuchagulia hospitali wewe mmoja.

Kinachosaidia zaidi ni kujua kazi yenyewe inafanywa mara ngapi. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa Marekani ulilinganisha hospitali zinazofanya upasuaji fulani mara nyingi na zile zinazoufanya kwa nadra. Kwa kuondoa sehemu ya kongosho, vifo vilikuwa asilimia 16.3 kwenye hospitali zenye idadi ndogo kabisa na asilimia 3.8 kwenye zenye idadi kubwa kabisa. Kwa kusafisha mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo, ilikuwa 1.7 dhidi ya 1.5. Tazama pengo la kwanza, kisha la pili. Kongosho, umio, figo ya kupandikizwa, moyo wa mtoto: ifuate hospitali inayofanya kazi hiyo wiki hadi wiki, hata ikiwa mbali. Kwa upasuaji ambao kila hospitali huufanya kila siku, umbali na foleni vina haki ya kuhesabiwa.

Saratani: hapa makosa hufanyika mapema

Kosa linalogharimu zaidi hutokea kabla mgonjwa hajafika hospitali kubwa. Uvimbe unatolewa haraka kwenye hospitali ya karibu, "tuutoe kwanza, tutajua baadaye". Kwa saratani za misuli na mifupa, mkato uliokaa vibaya unamlazimisha mpasuaji wa pili kuondoa nyama nyingi zaidi, kwa sababu njia yote iliyopita kisu cha kwanza huhesabiwa kuwa imeguswa na saratani. Kwa titi, kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, kinachochukuliwa kwa sindano nene kabla ya upasuaji huwapa madaktari nafasi ya kuamua kama dawa zitangulie kisu. Uvimbe ukishatolewa wote, nafasi hiyo imepita.

Kuchukua kinyama chenyewe kunaweza kufanyika hospitali ya kawaida, na mara nyingi inafaa ili kuokoa muda. Ila chupa itazamwe. Kinyama kinatakiwa kuingia kwenye formalini (dawa ya maji ya kukihifadhi) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaanza kuoza. Kikisukumizwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kitaingia kikiwa laini, kisha kitakakamaa na kukataa kutoka. Lebo ibandikwe kwenye ubavu wa chupa, kwa sababu maabara hufungua vifuniko vingi kwa pamoja na kifuniko huweza kurudi kwenye chupa ya mwingine. Lebo hiyo iseme jina, tarehe, sehemu ya mwili, na upande: kushoto au kulia. Kwa titi, kinyama kikae kwenye formalini si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni, ambavyo ndivyo vinavyochagua dawa, vinaweza kutoa jibu la uongo.

Hospitali ya kufundishia inashinda kwenye hatua inayofuata. Mwanapatholojia (anayechunguza kinyama kwa hadubini), mpasuaji, mtaalamu wa mionzi na wa dawa za saratani hukaa kikao kimoja, faili linafunguliwa, picha zinaonyeshwa, na mpango mmoja unaandikwa. Bila kikao hicho mgonjwa huzunguka kwa kila mmoja peke yake, na kila mmoja hupendekeza kile anachokijua. Ukihamia huko, usikubali kuchukuliwa kinyama upya bila kuuliza kwanza kama kile cha zamani kinatosha: maabara ya kwanza huhifadhi vipande vya nta vyenye kinyama chako, na vinaweza kuombwa na kusafirishwa.

Baada ya mpango kuandikwa, si lazima kila kitu kifanyike kule. Dawa nyingi za saratani zinaweza kutolewa hospitali ya karibu iliyo na mfamasia na wauguzi waliofunzwa, kwa kufuata mpango wa hospitali kubwa. Mionzi ni habari nyingine, maana inafuata mashine ilipo. Hutolewa siku tano kwa wiki, kwa titi mara nyingi vipindi 15 ndani ya wiki tatu, na kukatiza vipindi kunapunguza nguvu ya tiba. Kabla ya kuanza hakikisha una mahali pa kulala karibu na hospitali mpaka mwisho.

Kujifungua

Mimba isiyo na tatizo haihitaji hospitali ya chuo kikuu. Inahitaji mkunga mwenye uzoefu, chumba cha upasuaji kinachoweza kuanza kazi usiku, daktari wa usingizi na damu kwenye friji. Hospitali ya kawaida yenye vitu hivyo vinne inatosha, na mama atapata utulivu zaidi na watu wachache wa kumpima. Hospitali ikikosa kimojawapo, mama ajipange kwingine mapema.

Mizani inageuka kwa mapacha wanaotumia kondo moja, kondo lililojishika kwenye kovu la upasuaji wa zamani, ugonjwa wa moyo wa mama, shinikizo la juu linaloelekea kifafa cha mimba, na uchungu kabla ya wiki 32. Kwa mtoto anayeweza kuzaliwa kabla ya wakati, kinachotafutwa ni wodi ya watoto wachanga mahututi. Mtoto njiti husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa ndani ya gari na mrija puani, kwa hiyo rufaa itangulie kuzaliwa. Hospitali inayompeleka mama ina kazi ya kufanya kabla gari halijaondoka: kama uchungu umeanza mapema na hana maambukizi, aanzishiwe sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kila saa 12 mara nne, na kama ana dalili za kifafa cha mimba, apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti. Kwenye barua iandikwe saa ambayo kila sindano ilitolewa. Dozi isiyoandikwa huwa inarudiwa au inarukwa.

Dharura

Mtu anayevuja damu, aliyezimia au anayeshindwa kupumua apelekwe mlango wa karibu. Magonjwa mawili yana hesabu yake. Kiharusi: dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na haitolewi bila picha ya CT ya kichwa. Kupita mbele ya hospitali isiyo na CT na kwenda yenye nayo ni uamuzi sahihi ikiwa njia haili muda wote. Aliyeamka na mdomo uliopinda huhesabiwa tangu alipolala, kwa hiyo saa hiyo iandikwe. Mbinu ya kuvuta bonge kwa mrija inaweza kufaa kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24, na hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa. Shambulio la moyo: kama chumba cha kuzibua mishipa kinaweza kufikiwa na kazi kufanyika ndani ya dakika 120, nenda. Kama hapana, dawa ya kuyeyusha itolewe hospitali ya karibu kwanza, kisha safari.

Presha, kisukari, na upasuaji mdogo

Kwa magonjwa ya kudumu hospitali ya kawaida ina nguvu ambayo watu huidharau: daktari yuleyule. Kwenye kliniki ya kufundishia rezidenti huhamishwa kila baada ya wiki au miezi michache, na kila mpya huanza kusoma faili upya. Presha iliyotulia haihitaji hilo. Mgonjwa apelekwe hospitali ya kufundishia kama presha haishuki kwa dawa tatu, mojawapo ikiwa ya kukojoza maji, au kama imemwanza mtu akiwa chini ya miaka 30, maana hapo kuna chanzo cha kutafutwa kwenye figo au tezi.

Ngiri, kidole tumbo, mtoto wa jicho: nenda hospitali ya karibu. Kwenye hospitali ya kufundishia orodha ya upasuaji wa kupanga husukumwa na ajali na rufaa za usiku, na mgonjwa wa ngiri aliyefunga tangu jana anaambiwa arudi. Unachotakiwa kuuliza hospitali ndogo ni nani atakupa nusu kaputi, kama kuna kipimo cha oksijeni kidoleni muda wote, na kama wanatumia orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ya mwaka 2008 ina vipengele 19. Ilipojaribiwa katika miji minane, kuanzia London hadi Ifakara, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Haihitaji mashine ya gharama, inahitaji watu kusimama na kuisoma kwa sauti.

Ridhaa yako

Una haki ya kukataa mwanafunzi bila kunyimwa matibabu. Sema mapema, kwa utulivu: "Leo naomba niwe na daktari na muuguzi tu." Kukataa rezidenti ni jambo jingine, kwa kuwa yeye ni sehemu ya timu inayokutibu na usiku hakuna mwingine. Kwa upasuaji, uliza nani atashika kisu, na kama bingwa atakuwa ndani ya chumba wakati wa hatua ngumu. Jibu "rezidenti atafanya, mimi nikiwa mezani" ni jibu zuri. Ukipewa jibu linalozungukazunguka, rudia swali. Na kwa wanawake hasa: ikiwa wanafunzi watapima viungo vya uzazi ukiwa kwenye nusu kaputi, ridhaa yake iombwe waziwazi kabla, isifichwe ndani ya fomu ya jumla.

Utafiti wa tiba nao hupatikana zaidi kwenye hospitali za kufundishia, na kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo njia pekee ya kupata dawa mpya. Fomu yake iwe ya peke yake, iseme nini kinalipwa na utafiti na nini unalipa wewe, na unaweza kujitoa wakati wowote. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, linaloongoza utafiti kwa binadamu, pamoja na marekebisho yake linalinda haki hiyo.

Karatasi kati ya hospitali mbili

Mara nyingi uchaguzi bora ni kutumia zote: kubwa kwa jibu na mpango, ya karibu kwa kuuendeleza. Mpango huo huvunjikia kwenye karatasi. Barua ya rufaa nzuri ina swali moja lililo wazi ("je, uvimbe huu wa tezi unahitaji kupasuliwa?"), vipimo vyenye tarehe na vizio (kama miligramu), dawa na dozi. Barua yenye "kwa uchunguzi zaidi" tu humfikisha mgonjwa kliniki isiyo yake, na anarudi mwanzo wa foleni. Picha za CT au MRI zibebwe zenyewe kwenye diski. Ripoti peke yake haitoshi, na filamu iliyopigwa picha kwa simu haiwezi kupimwa ukubwa wa uvimbe.

Wakati wa kurudi, kabla hujatoka wodini, soma muhtasari wa kuruhusiwa na utafute mstari wa majibu ambayo bado hayajatoka. Kinyama na vimelea vilivyooteshwa hutoka siku kadhaa baada ya mgonjwa kufika nyumbani, na daktari aliyeviagiza anaweza kuwa ameshahamia wodi nyingine. Kama mstari huo haupo, omba uandikwe: kipimo gani, kilichukuliwa tarehe ngapi, namba yake ya maabara, na siku ya kuja kukichukua.